Kamati ya Amani Mpakani: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishi Kati ya Kisumu, Nandi, Kericho na Nakuru

Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka Meteitei, shamba lililoko Tinderet, karibu kabisa na mpaka wa Nandi na Kisumu. Chanzo kilikuwa mzozo wa umiliki kati ya wanahisa wa makabila tofauti. Mwaka uliofuata nyumba zilikuwa zikiungua Molo na Olenguruone. Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro. Kisha zikaja wiki zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu wakalala makanisani, kwenye vituo vya polisi na katika kambi ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Uchumi wa nchi, uliokuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007, haukufikisha ukuaji wa asilimia 2 mwaka 2008. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera, mafuta yakaadimika mpaka Kampala.

Hayo yalitokana na siasa za ngazi za juu, na kijiji hakina uwezo wa kuzizuia. Lakini siasa hizo zilipofika mashinani zilikuta kesi ndogo ambazo hazijamalizwa: ng'ombe walioibwa wasirudi, ekari mbili zenye wenyewe wawili, vibanda vya soko vilivyogawanywa kwa upendeleo. Mchochezi hana haja ya kubuni chuki mahali ambapo kesi kumi zimelala miaka na miaka. Anazichukua zilivyo, anazivalisha kabila, basi.

Mwongozo huu wa kuunda kamati ya amani ni wa wanaotaka kumaliza kesi hizo zikiwa bado na majina ya watu wawili, kabla hazijawa za jamii mbili. Ni kwa mzee wa kijiji, mwalimu, mama wa soko, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, yeyote anayeishi mahali ambapo jirani yake anaongea lugha nyingine ya nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagueni eneo dogo linalovuka mpaka

Msianze na kaunti ndogo nzima. Chukueni vijiji vinne hadi sita vinavyotumia soko moja, mto mmoja au josho moja la kuogeshea mifugo, na vijiji hivyo viwe pande zote mbili za mpaka. Sondu ni mfano ulio wazi: soko ni moja, wauzaji wanatoka Nyakach na Sigowet, na kila ugomvi unapozuka unawaumiza wote kwa kuwa soko linafungwa. Muhoroni na Tinderet ni hivyo hivyo. Kule Njoro, vijiji vya Mauche, Likia na Nessuit vina mahitaji yaleyale ingawa viko ndani ya kaunti moja.

Udhaifu mkubwa wa kamati nyingi ni kwamba kila upande una yake, na hizo mbili hukutana damu ikishamwagika. Wakati huo kila mjumbe amekuja kutetea watu wake. Kamati inayovuka mpaka tangu siku ya kwanza hujenga kitu ambacho hakinunuliki siku ya ghasia: namba ya simu ya mtu wa upande wa pili ambaye mmeshakunywa chai pamoja.

Mkishachagua eneo, nunueni daftari la kurasa nyingi. Zungukeni vijijini, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, mkaulize swali moja: ni ugomvi gani hapa haujaisha? Kwa kila ugomvi andikeni ni wa kitu gani, uko wapi, nani na nani, ulianza lini, nani alijaribu kuusuluhisha na uliishia wapi. Msiweke safu ya kabila. Mkiiweka, daftari lenyewe litasomwa kikabila, na likianguka mikononi mwa mtu mbaya litakuwa orodha ya kushambuliana.

Kisha chambueni. Kesi nyingi mtaweza kuzimaliza wenyewe. Nyingine ni za korti. Na kuna zile ambazo si za kijiji wala korti ya karibu, hasa mpaka wa kaunti wenyewe. Watu wamepoteza maisha kwa kubishana Muhoroni ni ya nani, au Sondu ni ya nani, ilhali Kifungu cha 188 cha Katiba kinasema mpaka wa kaunti hubadilishwa tu kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge, kisha azimio lipitishwe na angalau thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Waelezeni watu hivyo bila kuzungukazunguka. Mwanasiasa anayeahidi kuhamisha mpaka kwa nguvu za vijana anaahidi kitu ambacho vijana hao hawawezi kumpa hata wakifa.

Hatua ya pili: nani aketi

Wazee ni lazima, ila wasiwe peke yao. Mfano mzuri nchini ulitoka Wajir mwaka 1993, wakati koo zilikuwa zinauana. Wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua bila kubaguliwa, wakaweka watu wa kuangalia kama sheria hiyo inafuatwa. Baadaye wakawafikia wazee, vijana na serikali, na kufikia 1995 kazi hiyo ilikuwa imezaa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya. Kamati za amani zilizosambaa Kenya nzima zimeiga njia hiyo. Ukitafakari, sokoni ndipo mahali ambapo mtu wa mwisho kuacha kuongea na jirani ni yule mwenye nyanya zinazooza.

Kwa hiyo katika watu kumi na wawili au kumi na sita, tafuteni:

- akina mama wanaouza sokoni, angalau thuluthi moja ya kamati, na wawe wauzaji kweli, sio wake wa viongozi;
- dalali wa mifugo anayeheshimika, maana yeye anajua ng'ombe anayeuzwa usiku anapitia wapi;
- viongozi wa steji za bodaboda, kwa kuwa habari zote, za kweli na za uongo, hupita kwao kwanza;
- mchungaji au imamu mwenye waumini kutoka pande zote mbili;
- mwalimu mkuu;
- vijana wawili au watatu ambao vijana wenzao huwasikiliza. Hapa msiogope. Mara nyingi vijana wenye mamlaka hayo ni wale waliokuwa mstari wa mbele siku za fujo. Kijana mpole asiyesikilizwa na mtu hatazuia mshale hata mmoja.

Anayenuia kugombea kiti, hata cha MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), asiwe mjumbe. Aliyemo akitangaza nia, ajiondoe siku hiyo hiyo. Wekeni wenyeviti wawili, mmoja kila upande, wanaoongoza vikao kwa zamu. Vikao navyo vipokezane: mwezi huu kwenu, mwezi ujao kwetu. Kuhusu lugha, ongeeni Kiswahili kikao kizima. Mjumbe akitaka kunong'ona na mwenzake kwa Kijaluo au Kinandi, atoke nje. Inaonekana jambo dogo, lakini mnong'ono mmoja unaweza kuharibu imani ya miezi mitatu.

Hatua ya tatu: jitambulisheni, na mjue mnakoishia

Pelekeni majina kwa machifu wa pande zote mbili na kwa naibu kamishna wa kaunti wa kila kaunti ndogo. Serikali imekuwa na Kamati Simamizi ya Taifa kuhusu Ujenzi wa Amani tangu 2001, na kamati za amani zinatambuliwa katika mfumo huo. Mkifanya kazi bila kutambuliwa, mkutano wenu wa kwanza wakati wa joto la siasa utaitwa mkutano haramu.

Kifungu cha 159 cha Katiba kinaitaka mahakama ikuze usuluhishi, upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, mradi njia hizo zisikiuke haki za binadamu wala kuwa kinyume na sheria. Hapo ndipo mnakoishia. Mauaji si ya kamati. Ubakaji na unajisi wa watoto si wa kamati kabisa, hata familia zote mbili zikija na mbuzi na maneno matamu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, wazee hawana mamlaka ya kusitisha kesi hiyo. Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu wasichana wengi wamelipishwa gharama ya amani ya wanaume. Kamati ikiwahi kuficha kesi moja ya aina hiyo, akina mama hawataiamini tena, na watakuwa na haki.

Deni la biashara au mali iliyoharibiwa ya thamani isiyozidi shilingi milioni moja inaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Kesi za hatimiliki zinaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kumsindikiza mtu kortini ni kazi ya amani pia.

Hatua ya nne: mkataba wa mifugo

Kwa mipaka ya Nandi na Kisumu, na ya Kericho na Kisumu, ningeanza hapa kabla ya kitu kingine chochote. Wizi wa ng'ombe ndio unaogeuza usiku mmoja kuwa wiki ya kuchomeana nyumba na miwa. Kaeni chini mwandike mkataba mfupi, wa ukurasa mmoja, usomwe katika mabaraza ya kila kijiji. Mambo ya kuingiza:

Nyayo. Ng'ombe akiibwa, wenye mali wanafuata nyayo mpaka kwenye mpaka wa kijiji jirani, hapo wanasimama na kuwapigia wajumbe wa upande ule. Kijiji kile kinapokea nyayo na kuendelea kuzifuata. Wakionyesha kwamba nyayo zimetoka kwao na kuingia kijiji cha tatu, wamejivua lawama. Zikipotelea kwao, wao ndio wanaodaiwa majibu. Nguvu ya kanuni hii ni kwamba kundi la watu themanini wenye rungu na mikuki haliingii boma la watu wengine saa tisa usiku likitafuta fahali.

Usiku. Hakuna kuswaga wala kubeba mifugo kwenye pikapu au pikipiki jua likishazama, hata ukiwa na kibali. Steji za bodaboda zikatae mzigo huo.

Alama. Kila boma litie mifugo wake alama, na mjumbe awe na nakala ya alama za kijiji chake. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe wengi waliopatikana walirudi kuwa ugomvi mpya pale watu wawili walipodai kila mmoja ni wake.

Mwizi ni mtu. Andikeni wazi kwamba mwizi akikamatwa hupelekwa kituoni na kutajwa kwa jina lake. Baraza lisiruhusu mtu kusimama na kusema "hawa wametuibia". Mwenyekiti amkatize papo hapo, amuulize: nani?

Fidia iwe ya kurudisha mali, sio ya kuadhibu ukoo. Mkianza kutoza kijiji kizima faini ya ng'ombe watano kwa mmoja, mnakuwa mmewafanya wasio na hatia kuwa maadui.

Mkataba wa aina hii unaweza kuonekana mdogo ukilinganishwa na ule wa 2012, ambapo wazee wa Agikuyu na Kalenjin walitia saini makubaliano ya amani ya Kaunti ya Nakuru baada ya mazungumzo marefu yaliyosaidiwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Yale yalikuwa ya lazima, na uchaguzi wa 2013 ulipita Nakuru bila mauaji ya aina ile ya 2008. Lakini makubaliano ya wazee wakubwa hayamwambii kijana wa Kibigori afanye nini zizi likiwa tupu alfajiri. Huu wenu unamwambia.

Hatua ya tano: saa 48 za kwanza

Mtu ameuawa, au miwa imechomwa, au duka limevunjwa sokoni. Yote mliyojenga yanapimwa sasa.

Saa ya kwanza ni ya simu. Kila mjumbe ana watu watatu wa kupigia, na mmoja wao lazima awe wa upande wa pili. Mnaulizana mambo manne tu: nini kimetokea, wapi, nani ameumia, na nani amekiona kwa macho yake. Kama hakuna aliyekiona, semeni hivyo. Mkuu wa kituo cha polisi na chifu wapigiwe na wenyeviti wote wawili, kila mmoja kwa simu yake, ili maelezo yasiwe ya upande mmoja. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112.

Saa chache zinazofuata, wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, waende mahali pa tukio pamoja wakionekana. Waende mchana, na wasiende kabla ya kujua kuna usalama. Kuonekana pamoja kwenye barabara hiyo kuna uzito kuliko taarifa yoyote mtakayoandika. Wengine waende steji na sokoni, wakae pale. Wasihubiri, wajibu maswali.

Jioni ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, maana vijana hukusanyika kulinda, na kulinda hugeuka kwenda kushambulia. Mjumbe kijana awe nao kule walikokesha. Akina mama nao wana nguvu hapa ambayo wengi hawaitumii: chakula cha wanaokesha kinatoka jikoni kwao, na mama akisema hapiki kwa ajili ya safari ya kulipiza, wengi hurudi nyumbani.

Siku ya pili ni ya msiba. Kama kuna aliyekufa, upande wa pili upeleke rambirambi kupitia kamati, mapema, hata kabla ya uchunguzi kujulikana. Kutoa pole si kukubali kosa. Mazishi nayo yapangiwe: nani atasema, na kwamba wanasiasa wasipewe kipaza sauti. Mipaka hii imeona mazishi yakizaa mazishi mengine.

Ikiwa waliojeruhi ni polisi, msikae kimya kwa kuogopa kuharibu uhusiano. Tume ya Waki ilikuta kwamba wengi waliouawa Kisumu mwanzoni mwa 2008 walipigwa risasi na polisi. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Andikeni saa, mahali na mashahidi wakati kumbukumbu ni mbichi, na mtunze fomu za hospitali. Amani inayodai watu wasahau risasi haitadumu.

Habari za simu

Kila kundi la WhatsApp la kijiji liwe na mjumbe wa kamati ndani. Kanuni iwe moja: picha au sauti yoyote ya mashambulizi haisambazwi mpaka mjumbe wa eneo linalotajwa athibitishe. Picha nyingi zinazozunguka wakati wa joto ni za mwaka mwingine au nchi nyingine. Tazameni nguo, mabati, aina ya mazao, namba za magari. Mkishajua ukweli, semeni kwa sauti ya mtu anayejulikana: "Mimi ni fulani, niko sokoni sasa hivi, maduka yamefunguliwa." Ujumbe wa maandishi usio na mwenyewe hauaminiwi kuliko uvumi wenyewe.

Mchochezi mkimjua, hifadhini ushahidi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki.

Hatua ya sita: kitu cha pamoja chenye faida

Vikao peke yake huchosha. Baada ya miezi sita watu huanza kuuliza nauli iko wapi, na nauli ikishakuwa ndiyo sababu ya kuja, kamati imekufa. Kinachowaweka pamoja ni mali ambayo kila upande utaumia ikiharibika: josho linalohudumia vijiji vya pande mbili, kisima, daraja la miguu, kituo cha kukusanya maziwa, taa za soko.

Pesa za kaunti zina ratiba, na wanaoijua ratiba ndio wanaozipata. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo ombi lenu liwe tayari Julai au Agosti, na mwende kwenye vikao vya maoni ya umma mkiwa wengi. Upande wa Kisumu uombe josho, upande wa Nandi uombe barabara inayofika kwenye josho hilo hilo, kila mmoja kwa MCA wake, kwa barua zilizoandikwa siku moja na kutajana. Kaunti mbili hazitashirikiana zenyewe kwa kitu kidogo hivyo. Nyinyi ndio mnaoweza kuzifunga pamoja.

Mradi ukipatikana, kamati ya kuusimamia iwe na watu wa pande zote, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Mweka hazina mmoja mwizi anaweza kuwasha ugomvi ambao wezi wa ng'ombe walishindwa kuuwasha. Soko nalo liangaliwe: ushuru unakusanywa na nani, risiti ni ya kaunti gani, vibanda vilipewa nani. Ugomvi wa ushuru ukionekana, ombeni maafisa wa mapato wa kaunti zote mbili waje sokoni siku moja, mbele ya wauzaji.

Mwaka wa uchaguzi

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Rudini kwenye daftari miezi 12 kabla. Kesi zote zenye mashamba na soko zipewe kipaumbele, na zile zisizoweza kuisha kabla ya kampeni zisimamishwe kwa makubaliano ya maandishi: hakuna anayelima sehemu inayogombaniwa mpaka Oktoba, hakuna anayeng'oa ua.

Waiteni wagombea wote wa wadi za pande mbili kwenye mkutano mmoja, mapema, na muwaombe waseme hadharani mambo mawili: kwamba mpaka hautabadilishwa na vijana, na kwamba akishindwa ataenda kortini. Rekodini. Wapangieni pia wale walio wachache katika kila kijiji. Wajumbe wawatembelee nyumbani Julai, wawaulize kama wamepata vitisho, karatasi mlangoni, au jirani aliyeacha kuwasalimia. Familia inayouza mbuzi wote na kupeleka watoto kwa bibi kabla ya kura imeshasikia kitu. Iulizeni ni nini, kwa upole, na mpeleke habari hiyo kwa chifu na kituoni siku hiyo.

Kati ya kura na kutangazwa matokeo, kaeni kwa zamu sokoni na kwenye steji, mchana na usiku, wawili wawili. Na kikao cha Septemba 2027 kipangiwe tarehe, mahali na mwenye kupika chai kabla ya kampeni kuanza, kiandikwe katika daftari na kutiwa saini na wenyeviti wote wawili.